Shule ya Mabruda Iliyolea Mabingwa Kule Iten

Mji wa Eldoret si mgeni kwa watu wa Pwani. Malori yabebayo shehena kutoka bandari ya Kilindini kwenda Uganda hupita hapo mchana na usiku, na ni nadra kumpata dereva wa Mombasa ambaye hajapata kushika kikombe cha chai ya Eldoret kwa mikono miwili, akitetemeka kwa baridi. Wenyeji wa zamani huuita mji huo Sisibo, jina lililotokana na nambari 64, nambari ya shamba ulipojengwa mji wakati walowezi wa Kizungu, Makaburu wakiwa miongoni mwao, walipogawiwa ardhi ya Uasin Gishu. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 mji huo ukapewa hadhi ya jiji.

Lakini makala haya hayahusu malori wala mashamba ya ngano. Twataka kumchukua msomaji mwendo wa kilomita kama 35 kutoka Eldoret, barabara ikipanda hadi kimo cha mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo nchi hukatika ghafula na Bonde la Kerio likaonekana chini kama bakuli. Hapo ndipo Iten, na hapo ndipo ilipo shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's, shule ya Wakatoliki iliyo katika Jimbo la Eldoret.

Huenda msomaji akauliza: shule ya Wakatoliki huko milimani yatuhusu nini sisi wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga? Yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, mmoja wa wanafunzi wake waliopata sifa kubwa zaidi ulimwenguni aitwa Ibrahim Hussein, jina lisilohitaji tafsiri katika mitaa yetu. Pili, kisa cha shule hii chagusa swali ambalo wazazi wa Pwani wamekuwa wakijiuliza tangu enzi za babu zetu: mtoto akipelekwa shule ya misheni, arudi na nini, na aache nini?

MABRUDA NI WATU GANI?

Kazi ya Kanisa Katoliki katika sehemu za Eldoret ilipanuliwa hasa na mapadri kutoka Ireland. Eneo hilo lilitengwa kuwa mamlaka ya peke yake mwaka 1953, na mwaka 1959 likawa jimbo kamili lenye askofu wake. Askofu wake wa pili, John Njenga, aliyekalia kiti hicho tangu 1970, si mtu asiyejulikana Pwani. Mwaka 1988 alihamishiwa Mombasa, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa mji huo mwaka 1990 na kukaa hadi alipostaafu mwaka 2005.

Sasa, wengi wetu tukisikia misheni huwaza padri. Lakini shule ya Iten ilianzishwa na watu wengine, nao ni mabruda. Bruda si padri. Haongozi misa wala haungamishi watu. Ni mtawa aliyeweka nadhiri ya kuishi bila mke, bila mali yake mwenyewe, na kuwatii wakubwa wa shirika lake. Mabruda wa St. Patrick kazi yao kubwa ni kusomesha.

Shirika lao liliundwa mwaka 1808 katika mji mdogo wa Tullow nchini Ireland, na Askofu Daniel Delany. Inafaa tukumbuke hali ya Ireland ya wakati huo. Kwa muda mrefu Waingereza walioitawala nchi hiyo walikuwa na sheria za kuwabana Wakatoliki, na miongoni mwa sheria hizo zilikuwemo za kuwakataza wasiendeshe shule zao wenyewe. Wazee walifundisha watoto kwa siri, nyuma ya vichaka na katika mabanda. Sheria hizo zilipolegezwa ndipo watu kama Delany walipotafuta walimu wa kuwasomesha wana wa maskini. Kwa hiyo mabruda waliofika Iten mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya ikiwa ukingoni mwa uhuru, walikuwa Wazungu, naam, lakini Wazungu ambao babu zao wenyewe walijua maana ya kunyimwa shule na Mwingereza.

MGENI WA MWAKA 1976

Mwaka 1976 aliwasili shuleni hapo bruda kijana, Colm O'Connell, mzaliwa wa Cork, Ireland. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, hakuwa na cheti cha ukufunzi, wala hakudhamiria kukaa sana. Alimkuta mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyekuwa mkimbiaji mashuhuri. Foster ndiye aliyekuwa akiwaongoza wavulana katika mbio, na bruda akawa msaidizi wake. Muda si mrefu Foster akarudi kwao, na kazi yote ikamwangukia mwalimu wa jiografia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu naye alijifunza kwa wenyeji kabla ya kuwafundisha. Kwa kuwa hapakuwa na kitabu cha kumwambia la kufanya, aliwatazama wavulana wakikimbia, akawauliza, akawasikiliza, akaona kipi chawafaa na kipi chawachosha. Uwanja ulikuwa wa nyasi na vumbi. Vifaa havikuwapo. Kilichokuwapo ni hewa nyepesi ya milimani, barabara za udongo mwekundu, na vijana waliolelewa kwa kazi za shambani na mwendo wa miguu.

Mtindo wake wa kufundisha huwashangaza wageni wanaofika Iten wakitaraji kuona watu wakijitesa. Mazoezi mengi ni ya pole pole: namna ya kusimamisha mwili, kutupa mkono, kukanyaga chini. Kasi huja baadaye. Mwenda pole hajikwai, na pengine hakuna mahali msemo huo umethibitishwa kwa saa na kipimo kama hapo. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zikawa wakati wa kambi, na muhula ulipofunguliwa, kitabu kikashika nafasi yake. Bruda huyo alikuja kuwa mwalimu mkuu wa shule, akastaafu ualimu katika miaka ya 1990, na hata hivyo hakuondoka. Aliendelea kukaa katika nyumba ndogo ndani ya uwanja wa shule, akifundisha mbio kwa zaidi ya miaka 40 tangu siku aliyofika.

IBRAHIM NA JUMA MJINI BOSTON

Ibrahim Hussein alizaliwa mwaka 1958 huko Kapsabet, katika nchi ya Wanandi. Alisoma St. Patrick's, kisha mbio zikamfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Huko alisoma hadi akahitimu, na baadaye akaingia katika mbio za marathoni, ambazo ni kilomita 42 na ushei.

Mwaka 1987 alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Lakini siku ambayo Waswahili wa nchi zote mbili, Kenya na Tanzania, wangestahili kuikumbuka ni tarehe 18 Aprili 1988. Siku hiyo ilikuwa marathoni ya Boston, marathoni ya kila mwaka iliyo kongwe kuliko zote duniani, iliyoanza mwaka 1897. Kwa muda wa miaka 91 hakuna Mwafrika aliyekuwa ameishinda. Mwisho wa mbio ulipokaribia, walibaki wawili mbele: Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa, afisa wa jeshi la Tanzania. Umati wa Wamarekani ulisimama kandokando ya barabara ukiwatazama Ibrahim na Juma wakishindana bega kwa bega. Ibrahim alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Juma alikuwa nyuma yake kwa sekunde moja tu.

Ikangaa, mtu shujaa, alikuja wa pili tena Boston mwaka 1989 na 1990, kabla na baada ya kuutwaa ubingwa wa New York mnamo Novemba 1989. Hussein naye alishinda tena Boston mwaka 1991 na 1992. Tangu hapo Wakenya wameishinda Boston mara nyingi hata watu wamesahau kuwa kulikuwa na wa kwanza. Baada ya kustaafu, Hussein alikuja kuongoza kituo cha mafunzo cha shirikisho la riadha la dunia mjini Nairobi, akawa mwalimu wa walimu.

Mwaka huohuo wa 1988, mwanafunzi mwingine wa zamani wa Iten, Peter Rono, alishinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul akiwa na umri wa miaka 21. Yeye naye alipata masomo Marekani, katika chuo cha Mount St. Mary's huko Maryland. Mwaka 1992, Matthew Birir alitwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona. Wilson Kipketer alitoka shule hiyohiyo, akaenda Denmark mwaka 1990, na akiiwakilisha nchi hiyo akaivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, kwa dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikaa miaka 13. Aliyekuja kuivunja ni David Rudisha, Mmaasai aliyesoma shule nyingine palepale Iten lakini akafundishwa na bruda yuleyule. Rudisha aliivunja mara mbili mwaka 2010, na tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki za London, akaishusha hadi dakika 1 na sekunde 40.91. Basi rekodi hiyo moja ya dunia ilishikwa na watu wawili mfululizo waliopita katika mikono ya mwalimu mmoja wa jiografia.

MITI YENYE MAJINA

Mgeni akiingia katika uwanja wa shule ataona miti yenye vibao vya majina. Ni desturi ya shule kwamba mwanafunzi akifikia ubingwa wa Olimpiki au wa dunia, hupandiwa mti wake. Mti ni jambo la hekima. Kombe huwekwa kabatini likapata kutu, lakini mti hukua, ukatoa kivuli, na mvulana wa kidato cha kwanza aliyetoka kijijini akakaa chini yake kusoma kitabu chake.

Hapo pana jambo la kutafakari. Kwa kila mti mmoja wamepita mamia ya wavulana wasio na mti. Walikula maharagwe yaleyale, wakalala katika mabweni yaleyale, wakaamshwa na kengele ileile katika baridi ileile, kisha wakaenda zao kuwa walimu, makarani, wakulima na madaktari. Shule haiwezi kuwapimia maisha kwa saa ya mkononi. Tukiizungumzia St. Patrick's kwa medali peke yake, tutakuwa tumeipunja. Ni shule kwanza, yenye ubao, chaki na mtihani wa taifa, na mbio ni baraka iliyoongezwa juu yake.

Wasichana nao hawakuachwa. Ingawa shule ni ya wavulana, mwaka 1989 bruda alianza kuwakusanya wasichana wakati wa likizo, siku ambazo wengi waliamini kuwa mbio si kazi ya mwanamke na kwamba binti akishaiva ni kuozwa. Mwaka 1991 Lydia Cheromei, msichana wa miaka 13 tu, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana. Mwaka 2007 Janeth Jepkosgei akawa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka, Japani. Wote wawili walipita kwenye kambi hiyo.

JE, DINI YA MTOTO?

Sasa turudi kwenye swali letu. Wazee wa Pwani hawakuwa wajinga walipozitilia shaka shule za misheni. Enzi za ukoloni, shule hizo nyingi zilikuwa mlango wa kuingilia dini nyingine, na mzazi aliyetaka mtoto wake abaki katika dini yake aliona heri amkalishe chuoni na msahafu wake. Lakini tulilipa gharama kubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947, aliliona jambo hilo mapema. Katika gazeti lake la Al-Islah, mnamo mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasiiache elimu ya dini wala wasiipe mgongo elimu ya dunia. Chuo cha ufundi cha Waislamu mjini Mombasa, MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilikuwa jibu mojawapo la wito wa namna hiyo.

Hali ya shule za misheni ilibadilika baada ya uhuru. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilizitia mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili, yaani yenye haki ya kulinda mila ya shule lakini yasiyoimiliki elimu yenyewe. Sheria hiyohiyo ilimpa mzazi haki ya kuomba mtoto wake asihudhurie ibada wala somo la dini isiyo yake. Katiba ya mwaka 2010 ikakazia uhuru wa dini wa kila mtu.

Haki iliyoandikwa, hata hivyo, si sawa na haki iliyotekelezwa. Mfano ni kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu kuivaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa mashtaka, ikashauri kanuni zitungwe ili kila dini iheshimiwe. Ndiyo kusema kuwa mzazi Mwislamu ampelekaye mwanawe shule ya kanisa, iwe Iten au Mombasa, hana budi kuuliza mapema: mtoto atasali wapi? Ijumaa itakuwaje? Mwezi wa Ramadhani daku atakula saa ngapi? Mwalimu mkuu mwenye busara hataudhika kwa maswali hayo.

Kisa cha Ibrahim Hussein hakimalizi mjadala huo, kwani mtu mmoja si hoja. Lakini chatuonyesha kuwa yawezekana. Alipita katika shule yenye jina la mtakatifu wa Ireland, na alipovuka utepe wa Boston, jina lililotangazwa kwa vipaza sauti lilikuwa lile alilopewa na wazazi wake.

MTIHANI WA SIKU ZA LEO

Isidhaniwe kuwa huko Iten kila kitu ni asali. Umaarufu umeleta fedha, na fedha zimeleta tamaa. Vijana hufika kutoka kila upande wakiwa wameacha shule, wakakodi chumba na kukimbia wakingoja wakala wa kuwapeleka Ulaya. Wachache hufanikiwa. Waliobaki hujikuta wana miaka 25, hawana cheti wala kazi. Wanariadha wengi wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Mnamo Oktoba 2021 nchi nzima ililia Agnes Tirop, mshindi wa medali ya shaba ya dunia katika mita 10,000 mara mbili, alipouawa nyumbani kwake mjini Iten akiwa na miaka 25 tu. Kifo chake kilifanya watu waulize ni nani amlindaye binti mwenye kipaji, ambaye miguu yake imekuwa mali inayogombewa na wakubwa wake.

Hapo ndipo faida ya shule yaonekana. Mvulana aliyekimbia chini ya uangalizi wa mwalimu alikuwa na bweni, ratiba, kitabu, na mtu mzima asiyemdai senti. Mbio zilikuwa karo yake ya kwenda mbele, si bahati nasibu. Rono na Hussein walikwenda Marekani wakiwa wanafunzi kwanza.

Na jimbo lenyewe la Eldoret limepata mtihani mzito kuliko huo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walipogeukiana, watu wapatao 10,000 walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret. Askofu Cornelius Korir, mzaliwa wa jamii iliyoonwa na wakimbizi wengi kuwa maadui zao, aliwapokea na kuwalisha, kisha akatumia miaka iliyobaki ya uhai wake kuwapatanisha watu kijiji kwa kijiji, hadi alipofariki Oktoba 2017. Yeyote aliyesoma katika bweni moja na mwana wa kabila jingine ajua kwa nini kazi kama hiyo huanza utotoni. Samaki mkunje angali mbichi.

TUCHUKUE NINI?

Pwani haina baridi ya Iten wala kimo chake, na hatusemi watoto wa Kisauni waanze kukimbia marathoni. Lakini tuna vipaji vyetu: katika soka, katika kuogelea na mashindano ya ngalawa, katika ushairi, katika kusoma Kurani kwa sauti nzuri, katika uchongaji wa milango na ujenzi wa majahazi. Tulichokosa mara nyingi ni yule mwalimu akaaye. Mwalimu wetu hodari huhamishwa baada ya miaka miwili, au hupata kazi ng'ambo, na alichokianzisha kikafa naye akiwa hai.

St. Patrick's haikuwa na uwanja wa fahari, wala fedha, wala mtaalamu. Ilikuwa na mtu mmoja aliyekubali kukaa mahali pamoja mpaka wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza wakaweza kumwamkia njiani. Siku hizi shule zaongozwa na Wakenya wenyewe, na mabruda kutoka Ireland wamepungua. Miti ya Iten sasa yahitaji kumwagiliwa na wenyeji. Na sisi huku chini tujiulize, katika skuli zetu na madrasa zetu, ni mwalimu gani tuliyemfanya aone kuwa kukaa nasi kuna thamani, na ni mti gani tuliompandia.